Punda haingii kila uchochoro

Jumamosi iliyopita injini yangu ya chesi, yani programu niliyoiandika icheze chesi, ilipigwa na ami yangu. Naanza na hilo nilitoe rohoni kabisa, maana watoto wa hapa Langoni, Lamu, washalipata na kila nikipita kuna mtu ananiuliza punda wako hajambo. Ami ni fundi wa milango, simu yake ni kabambe, laptopu hajui inawashwa wapi, lakini bao anacheza tangu utotoni na chesi kajifunza ukubwani na kaishika vizuri. Na wala si bahati. Aliipiga pahali hasa ambapo mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, nilikuwa nimeandika mistari kumi na moja ya kodi, yani maandishi ya programu, ya kuiambia injini hapa usifikiri, pita tu. Leo nataka kuieleza hiyo mistari kumi na moja, lakini siwezi kuieleza bila kurudi nyuma kidogo, kwa hivo vuta kiti.

Injini inaitwa Punda. Nilianza kuiandika Ramadhani ya mwaka jana, usiku baada ya tarawehe, kwa sababu mchana nina kibanda cha kutengeneza simu na kuprinti fomu za watu, usiku ndo wakati pekee ambao laptopu ni yangu. Nimeiita hivo kwa sababu toleo la kwanza lilikuwa linaingia kila uchochoro kama punda aliyefunguliwa usiku, akikuta ukuta anageuka, anaingia mwingine, akikuta ukuta anageuka, na hata ule ambao jana alikuta ukuta leo anaingia tena. Halafu niko Lamu, ningeiita nini, Ferrari?

Sasa vichochoro vya chesi ni vingi kiasi gani. Ubao ukiwa ndo umepangwa, mweupe ana hatua 20: askari wanane kila mmoja anaweza kwenda kijumba kimoja au viwili, hizo 16, na farasi wawili wana mbili mbili. Mweusi akijibu ushafika 400. Hatua ya tatu 8,902. Ya nne 197,281. Ya tano 4,865,609. Mtu yeyote aliyewahi kuandika injini anazijua hizi namba kwa moyo kama namba ya simu ya mamake, maana ndo kipimo cha kwanza: unaiambia programu yako ihesabu njia zote mpaka kina fulani, yani hatua kadhaa mbele, na ikikosea hata moja ujue kuna sheria ya mchezo umeiandika vibaya. Punda alipokuwa mchanga alinipa 4,865,351. Piga hesabu, zimepungua 258. Nilikaa siku mbili nasoma kodi mstari kwa mstari mpaka macho yakawa mekundu, kumbe hizo 258 ndo idadi kamili ya kula kwa kupita kwenye kina hicho, ile sheria ya askari kumla askari mwenzake aliyeruka vijumba viwili. Nilikuwa nimeiandika vizuri kabisa, halafu nikasahau kuiita. Siku hiyo nilicheka peke yangu kibandani, mteja akadhani namcheka yeye.

Lakini ndo ujionee, hatua tano tu, yani mweupe mara tatu na mweusi mara mbili, na ushapita milioni nne na nusu. Katikati ya mchezo ni mbaya zaidi, kwa kawaida hatua ni thelathini na kitu kila zamu. Kwa hivo swali la mtu anayeandika injini tangu mwanzo wa dunia limekuwa ni hili, niache kutazama nini?

Claude Shannon wa Marekani aliliuliza mapema, kwenye makala yake ya 1950. Alisema kuna njia mbili: aina A, utazame kila kitu mpaka kina fulani, na aina B, uchague hatua chache zinazoingia akilini na uzifuate hizo tu kwa mbali zaidi, kama mtu anavyofanya. Watu wengi wakaipenda ya pili, na mimi pia nilipoisoma niliipenda, inaonekana ya kiungwana. Alex Bernstein na wenzake waliandika programu kwenye mashine ya IBM 704, mwaka 1957, ilikuwa inachagua hatua 7 tu kila zamu na kwenda kina cha 4. Saba mara saba mara saba mara saba ni 2,401, na ilichukua kama dakika nane kwa hatua moja. Dakika nane! Ami angeshakwenda kuswali na kurudi. Miaka ya sitini ikaja Mac Hack ya Richard Greenblatt, pale chuo cha MIT, hii ilikuwa inachukua hatua 15 kwenye kina cha kwanza na cha pili, kisha 9, kisha 9, kisha 7, na 1967 ikaingia mashindano ya watu wa kweli.

Shida ya kuchagua namna hiyo naweza kukuonyesha kwa mstari mmoja. Ikiwa hatua ya kukuokoa ni ya nane kwenye orodha na wewe unatazama saba, basi kwako wewe hiyo hatua haiko duniani. Hutaiona hata ukipewa mwaka mzima. Kwa hivo 1973 David Slate na Larry Atkin wa chuo cha Northwestern wakachoka na hayo mambo ya kubahatisha, Chess 4.0 yao ikawa inatazama hatua zote, aina A, na ikawa na nguvu kuliko zile zake za nyuma zilizokuwa zinachagua. Baada ya hapo karibu kila mtu akafuata.

Ila kutazama zote haina maana uifuate kila moja mpaka mwisho, kuna ujanja mmoja ambao haukudhulumu chochote, unaitwa alfa-beta, na huu nitaueleza kwa punda wa kweli.

Unataka kununua punda wa kubeba mchanga. Kuna wauzaji kumi, kila mmoja na zizi lake. Sharti ni kwamba wewe unachagua zizi, lakini mwenye zizi ndo anachagua punda wa kukupa, na hana huruma, atakupa mbovu wao. Zizi la kwanza unakagua wote, mbovu wa humo ni mzee kidogo lakini mzigo anabeba. Sawa, huyo unaye mkononi. Unaingia zizi la pili, punda wa kwanza tu kukutana naye anachechemea, na nyuma yake kuna tisa hujawatazama. Utawatazama wa nini? Ushajua mwenye zizi atakutupia huyu kilema au aliye zaidi ya huyu, kwa vyovyote ni chini ya yule mzee ulonaye. Unatoka, unaenda zizi la tatu. Yule ulonaye mkononi ndo alfa, na beta ni hesabu hiyohiyo ukikaa upande wa mwenye zizi. Uzuri wake ni kwamba jibu la mwisho ni lilelile ambalo ungelipata ungekagua punda wote mia, hakuna ulichokosa, umeokoa miguu tu.

Na angalia kitu kimoja hapo. Ungeanza na zizi bovu kuliko yote, ungekuwa na kilema mkononi, na kila zizi lingine ungelazimika kukagua wengi zaidi. Kwa hivo mpangilio ndo kila kitu. Donald Knuth na Ronald Moore walilipiga hesabu 1975: ukiwa na hatua 30 kila zamu na kina cha 6, kutazama zote ni 729,000,000, na alfa-beta ikipewa mpangilio usio na kosa inatazama 53,999. Ndo hivo, elfu hamsini na kitu. Mpangilio usio na kosa haupo bila shaka, ungeujua ungekuwa hutafuti tena, lakini unaukaribia kwa vitu vya kijinga tu: anza na kula, kete kubwa iliwe na kete ndogo kwanza, kisha hatua ambayo dakika hii imeua kichochoro cha jirani ijaribu na hapa, kisha zile ambazo zimekuwa na bahati tangu mchezo uanze. Na tafuta kwa kina cha 1 kwanza, halafu 2, halafu 3, kila mara unaanza na ile iliyokuwa bora mara iliyopita. Mtu akisikia mara ya kwanza anaona ni kupoteza wakati, kurudia kazi ileile, kumbe ndo unafika haraka.

Kupogoa kwa aina hii hakuna mgogoro. Mgogoro unaanza pale unapotaka kupogoa matawi ambayo huna hakika nayo.

(Kuna jambo la upeo nitalipita mbio: ukikata msako kwenye kina cha 5 palepale malkia wako amemla askari, injini inashangilia askari, haioni kwamba hatua ya sita malkia analiwa. Dawa yake ni kwamba ukifika mwisho usisimame mpaka mambo ya kulana yaishe, ubao utulie. Punda wa wiki ya pili hakuwa na hilo na alikuwa anatoa malkia kama mtu anayegawa tende.)

Sasa hatua tupu. Hii ndo mistari yangu kumi na moja. Aliyeifanya ikawa maarufu ni Chrilly Donninger wa Austria kwa makala yake ya 1993, japo wengine walishaigusa kabla, Don Beal kwa mfano, na Frans Morsch mwenye injini ya Fritz alikuwa akiitumia. Fritz ndo ilitwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta kule Hong Kong 1995, ikiwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani.

Wazo lenyewe ni la kishetani kwa wepesi wake. Ni zamu yangu. Badala ya kucheza, najifanya nimepita, nampa mwenzangu zamu bure, acheze mara mbili mfululizo. Kisha natazama kwa kina kifupi, nimepunguza viwili au vitatu, je bado niko juu sana? Ikiwa hata baada ya kumpa zadaka ya hatua nzima hawezi kunifanya kitu, basi nikicheza hatua ya kweli si nitakuwa juu zaidi? Basi hapa hapana haja ya kutafuta, kata, nenda mbele. Yani unakata tawi zima kwa bei ya kijitawi. Nilipoiweka, Punda aliyekuwa anafika kina cha 7 kwa muda niliompa akawa anafika 9, usiku ule nilitamani nimwamshe mtu nimwambie lakini saa nane usiku utamwamsha nani.

Ukiisoma tena hiyo aya utaona pahali kosa lilipojificha. Nimesema nikicheza hatua ya kweli nitakuwa juu zaidi. Nani kasema? Kuna nyakati kucheza ndo balaa lenyewe, ungeweza kukaa kimya ungekuwa salama, lakini zamu ni yako na lazima usogeze kitu. Wajerumani wana neno lake, zugzwang. Wacheza bao hawahitaji neno la Kijerumani, kwenye bao ukiwa na cha kula lazima ule, ukikosa unatakata, lakini kupita zamu hakuna, na kazi nzima ya mchezaji mkali ni kukufikisha pahali ambapo kila unachotakata kinakumaliza. Mimi haya nilikuwa nimeyasoma, wallahi nilikuwa nimeyasoma, kila anayeandika kuhusu hatua tupu anayasema. Nikaandika kwenye kodi maelezo ya mstari mmoja, nitashughulikia baadaye. Bado yapo pale.

Mechi ilichezwa barazani kwa ami, nje ya karakana, kwenye ubao aliouchonga mwenyewe kwa masalio ya mbambakofi, na vumbi la randa juu ya kila kitu mpaka ndani ya kibodi. Mimi ndo nilikuwa mikono ya Punda, nasoma kwenye skrini, nasogeza kete. Punda mweupe, ami mweusi. Walilana kila kitu kwa saa nzima, ngome kwa ngome, farasi kwa ndovu (ami hasemi askofu, anasema ndovu), mpaka wakabaki wafalme wawili na askari wawili. Ukiwa na ubao karibu panga (herufi zinahesabiwa kutoka kushoto kwa mweupe, namba kutoka upande wake kwenda mbele): mfalme mweupe c6, askari mweupe e4. Mfalme mweusi g4, askari mweusi e5. Mweupe kucheza.

Hao askari wamegongana vichwa, hakuna wa kusonga. Kila mfalme anamtaka askari wa mwenzake. Na hapa kuna hatua mbili zinazofanana kama mapacha, mfalme kwenda d6 au kwenda d5, zote mbili zinamshika yule askari wa e5. Moja inashinda na nyingine inapoteza mchezo.

Ukienda d6, mweusi hana budi kumlinda askari wake kwa kuja f4, na sasa ndo unashuka d5. Basi kwisha. Zamu ni yake, mfalme wake akitoka f4 askari analiwa, na hana kete nyingine ya kusogeza. Ukienda d5 mojakwamoja, yeye anakuja f4, na ni wafalme walewale kwenye vijumba vilevile, ila sasa zamu ni yako. Wewe ndo utakayetoka. Askari wako ndo atakayeliwa.

Punda akafikiri sekunde tatu, akaniandikia d5, na pembeni akaniwekea tathmini kwamba anashinda vizuri.

Nikasogeza. Ami akautazama ubao, akaitazama laptopu kama anayeitafuta uso.

"Ndiyo hiyo aliyosema?"

"Ndiyo hiyo ami."

"Na mui mzima hakuna wa kumwambia?"

Akauchukua mfalme wake kwa vidole viwili, akauweka f4, akarudi kuegemea ukuta. Mimi bado naitazama ile tathmini ya ushindi. Nikamwingizia Punda hatua ya ami, nikasubiri. Tathmini ikaporomoka palepale, kutoka kushinda mpaka kushindwa, kwa hatua moja ambayo alikuwa anaijua tangu kabla.

"Kitwa kimemuuma," ami akasema. "Mwambie ende. Yuwangoja nini?"

Usiku nikaifungua kodi na ilikuwa wazi kama mchana. Punda alipokuwa c6 akiwaza d5, f4, alifika kwenye ile nafasi mbaya, zamu ni yake. Akauliza swali la hatua tupu: je nikipita? Akipita, ami ndo analazimika kutoka f4 na kupoteza askari! Kwa hivo jibu likarudi, uko juu sana, kata, nafasi hii ni nzuri. Yani aliitazama nafasi mbaya kuliko zote ubaoni akaipa alama za ushindi kwa sababu alijipa haki ya kukaa kimya ambayo sheria haimpi. d6 nayo aliiona inashinda, na hiyo ilikuwa kweli, lakini zote mbili zilikuwa sawa machoni pake na d5 ilikuja mbele kwenye orodha. Na mbona aliposimama pale kweli akauona ukweli? Kwa sababu kwenye mzizi wa msako hatua tupu haitumiki, pale lazima uchague hatua ya kweli ya kucheza, na hatua za kweli zote zilikuwa kaburi.

Dawa ni mstari mmoja, unaniuma mpaka leo: ikiwa upande wenye zamu umebaki na mfalme na askari peke yake, usitumie hatua tupu. Maana hayo mambo ya kulazimika kucheza yanajaa hasa pale kete kubwa zimekwisha, ukiwa na ngome au farasi karibu kila mara utapata pa kusogea bila kujiumiza. Karibu kila mara, sio kila mara, wengine wanaongeza msako wa pili wa kuhakikisha kabla ya kukata. Mimi sijaongeza. Na usipite mara mbili mfululizo, na ukiwa umeshikwa na shaha, yani mfalme ametishwa, usipite kabisa maana mfalme ataliwa, hizo mbili nilikuwa nazo.

Nikiwa humohumo nikagundua jirani yake naye ana ugonjwa wa ukoo mmoja. Kuna ujanja mwingine ambao injini nyingi za leo zinauishi, unatokana na ule mpangilio niliosema: ikiwa umepanga hatua vizuri, basi ile ya 15 kwenye orodha uwezekano mkubwa ni takataka. Huitupi kama Bernstein, unaitazama, ila kwa kina kifupi. Ikikushtua, ikionekana bora kuliko ulonayo mkononi, unarudi unaitazama tena kwa kina kamili. Injini ya Fruit ya Fabien Letouzey ilikuwa nao na kodi yake ilikuwa wazi, watu wakaisoma kama miaka ya 2005, kisha Glaurung ya Tord Romstad, na kutoka Glaurung ndo ikazaliwa Stockfish 2008. Mimi nilikuwa napunguza kuanzia hatua ya nne na napunguza kwa pupa.

Nikampa Punda mtego wa zamani wa Légal, yule Mfaransa wa karne ya 18 (pasipo jina la kete ujue ni askari, mweupe kwanza kisha mweusi): e4 e5, farasi f3, d6, ndovu c4, ndovu g4, farasi c3, g6. Sasa farasi mweupe wa f3 anafaa amle askari wa e5, japo amefungwa, japo nyuma yake malkia anabaki wazi. Mweusi akiwa mlafi akamla malkia, ndovu anakula f7 shaha, mfalme e7, farasi d5, mat, mfalme hana pa kukimbilia. Asipokuwa mlafi akamla farasi, malkia anamla ndovu wa g4 na mweupe kapata askari wa bure. Punda kwa kina cha 6 hakuiona. Kwa hesabu ya kubadilishana pale e5, farasi kwa askari ni hasara, kwa hivo hatua ikatupwa mwisho kabisa wa orodha, kwa kuwa iko mwisho ikapunguziwa kina, na kwa kuwa imepunguziwa kina mat haikufikiwa. Kina cha 9 akaiona. Nikapunguza pupa, sasa kiasi ninachokata kinaongezeka polepole kadiri hatua inavyokuwa nyuma na kina kinavyokuwa kirefu, na hatua ya shaha siipunguzi kabisa. Anaiona kwa 6 sasa. Lakini ule mwendo wa kina 9 umerudi karibu na 8. Kila unapomtoa hofu upande huu anakuwa mzito upande ule, na hakuna hesabu ya kukuambia umepatia, ni kuchezesha mechi mia kadhaa Punda mpya dhidi ya Punda mzee na kuhesabu.

Kinachonifurahisha, na hapa nitapiga porojo kidogo, ni kwamba Shannon wa aina B alirudi kwa mlango wa nyuma. Deep Blue, kompyuta ya IBM, 1997 ilimpiga bingwa wa dunia Kasparov 3.5 kwa 2.5 ikitazama nafasi milioni 200 kwa sekunde, watu wakasema basi, nguvu ndo imeshinda. Halafu 2017 ikaja AlphaZero, injini iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake, inatazama kama 80,000 kwa sekunde na Stockfish 70,000,000, na ikashinda ile mechi, kwa kuchagua pa kutazama. Na Stockfish yenyewe ukiifungua ndani ni kupogoa juu ya kupogoa, kuna matawi inayakata ambayo mimi siwezi hata kueleza kwa nini yamekatwa, ila kuna maelfu ya mechi za majaribio nyuma ya kila mstari. Bernstein hakukosea kutaka kuchagua. Alikosa tu namna ya kurudi kutazama tena alichokitupa.

Jana baada ya alasiri nikaenda kwa ami na laptopu. Alikuwa anasugua mlango wa mtu wa Shela, hakutaka kuacha. Nikapanga mwenyewe ubao juu ya benchi lake la kazi, c6, e4, g4, e5, nikamwambia ami njoo tazama, nimemrekebisha. Akaja na msasa mkononi. Punda akasema d6, papo kwa papo.

Ami akanyamaza. Akauweka mkono juu ya mfalme wake, akaupeleka mpaka f4 bila kuuachilia, akautazama ule wa c6 uliokuwa sasa d6, akautazama d5. Akaurudisha g4.

"Hii hata hatukucheza yeo," akasema. "Panga kete zote. Na weupe nipe mimi."

Tulifika hatua ya kumi na mbili stima ikapotea mtaa mzima, na betri ya laptopu yangu ilikufa zamani. Nafasi nimeipiga picha. Punda yuko nyuma kwa askari mmoja.